Saini za Kibirizi

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi mjini Kigoma, na kuelekea mwezi Agosti nilijikuta katika kazi ambayo wenzangu wengi waliiona ya ajabu: kukusanya saini za watu wa kawaida wanaopinga silaha za nyuklia. Aliyenivuta alikuwa mwalimu mstaafu wa Ujiji, mzee ambaye hakukosa taarifa ya habari ya redio isipokuwa betri zilipokwisha, na mwaka ule betri ziliisha upesi na madukani hazikupatikana.

Januari mwaka huohuo, viongozi sita, akiwamo Rais Nyerere, walikuwa wametoa tamko mjini New Delhi. Wengine walikuwa Rajiv Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Raúl Alfonsín wa Argentina na Miguel de la Madrid wa Meksiko. Waliyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe majaribio, utengenezaji na usambazaji wa silaha hizo. Mzee alilipokea tamko hilo kana kwamba limeletwa mlangoni kwake. Hoja yake ilikuwa fupi: Rais amesema kwa niaba yetu, basi na sisi tuseme, asije akaonekana anasema peke yake. Agosti 6 ingetimia miaka 40 tangu Hiroshima ilipopigwa bomu, na siku hiyo ndiyo aliyoitaka.

Ofisi tuliyoiendea kuomba kibali cha maandamano haikutukatalia wala haikutukubalia. Siku zile maandamano ya kumuunga mkono Rais yalikuwa jambo la kawaida kabisa. Kilichowatia wasiwasi ni kwamba walimu wawili wameamua kuyaanzisha bila kuwapo maelekezo kutoka juu. “Mmetumwa na nani?” ndilo swali tulilorudiwa nalo, na jibu letu kwamba hatukutumwa na mtu lilizidi kuharibu mambo. Tuliulizwa pia bomu linawahusu nini watu wa Kigoma, tukakosa la kusema. Mwishowe tuliruhusiwa kufanya mkutano mmoja katika uwanja wa shule, mchana, bila kupita barabarani. Kwa kweli Mzee alikuwa amepanga tukutane usiku, kwa sababu bomu lile lililipuka saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Japani, yaani saa nane na robo za usiku kwetu. Wazo hilo hatukuthubutu kulitaja mbele ya Ndugu Katibu wa ofisi ile.

Saini tulizitafuta Kibirizi. Zilikuwa siku za mbalamwezi, wakati ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa mwanga wa karabai haufui dafu mbele ya mwezi, kwa hiyo tuliwakuta mchangani wakishona nyavu, nao walikuwa na nafasi ya kutosha ya kutuhoji. Karatasi zetu zilikuwa kurasa za katikati za madaftari, zilizochomolewa kwa uangalifu ili zile nyingine zisilegee. Wasiojua kuandika walitia dole gumba kwa pedi ya wino ya shule. Na kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta ya mawese au magamba ya migebuka, alama nyingine zilitoka safi hata mistari ya ngozi ikahesabika, na nyingine zikawa doa la buluu lenye mzunguko wa mafuta unaozidi kutanuka kadiri karatasi inavyokaa juani.

Mama mmoja aliyekuwa akifungasha dagaa wa kupeleka Tabora kwa treni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hao wakubwa wenye mabomu wana sabuni. Nilimjibu kwamba nadhani wanayo. “Ndiyo maana wana nafasi ya kuwaza mabomu,” akasema, akaomba kalamu. Sijapata kusikia tangu siku ile hoja ya kupunguza silaha iliyonikaa vizuri kuliko hiyo.

Kulieleza bomu lenyewe ndiko kulikonishinda mwanzoni. Nilipotaja watu wapatao 140,000 waliokufa Hiroshima hadi mwisho wa mwaka 1945, na wengine karibu 70,000 Nagasaki, nyuso hazikubadilika. Hesabu hizo ziliwapita juu kwa juu. Nikaanza kusema vingine: chukueni nyumba zote kutoka stesheni hadi Mwanga, ndege moja, bomu moja, halafu wale waliotoka wazima siku hiyo wakaendelea kufa kwa majuma na miezi, nywele zikinyonyoka, damu ikitoka kwenye fizi, bila kidonda cha kuonekana. Hapo ndipo watu walipoacha kushona.

Miongoni mwao alikuwapo mzee wa Zaire, yaani Kongo ya sasa, aliyekuwa amevuka kutoka Kalemie na mzigo wa vitenge. Aliuliza bomu hilo linatengenezwa kwa kitu gani. Nilipotamka urani, nikaongeza kwamba huchimbwa ardhini, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Katanga kwamba mawe hayo aliyabeba mwenyewe ujanani, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji ulioitwa Jadotville ambao sasa ni Likasi. Waliyachambua kwa mikono, wakayatia kwenye magunia na kuyapakia kwenye mabehewa. Bazungu, alisema, hawakuwaeleza yanakwenda wapi wala yana kazi gani. Alichokumbuka vizuri ni rangi: jiwe jeusi zito kuliko ukubwa wake, na juu yake tabaka za manjano na kijani kibichi, nzuri hata vijana walitamani kubaki nazo.

Siku ile sikujua kama nimwamini. Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma, niliona kwamba maelezo yake yalisimama. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kupita kiasi, mengine kufikia asilimia 65, ilhali migodi mingi duniani haifikii hata asilimia moja. Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliununua mzigo huo, na Kongo ikawa chimbuko la sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu. Njia yake ilikuwa ya magharibi, kuelekea Atlantiki, haikupita ziwani kwetu. Hata hivyo, swali la pale ofisini, kwamba bomu linawahusu nini watu wa Kigoma, lilikuwa na jibu ambalo hatukuwa nalo tulipoulizwa.

Mzee yule wa Kalemie alitaka kutia dole gumba, na hapo tukagombana sisi kwa sisi. Barua yetu ilianza kwa maneno “Sisi wananchi wa Mkoa wa Kigoma”, na mwalimu mwenzetu mmoja alishikilia kwamba alama ya mgeni itaibatilisha, tena itawapa wakubwa sababu ya kusema kwamba tumechanganya watu wa ng'ambo katika mambo ya nchi. Hofu yake haikuwa ya bure. Mzee wa Ujiji hakubishana naye, alikwenda shuleni, akatia stensili mpya kwenye taipureta, na kesho yake barua ikaanza hivi: “Sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika.”

Mkutano wa Agosti 6 ulifanyika Jumanne, chini ya mwembe. Wengi walikuwa wanafunzi, ambao hawakuwa na hiari, lakini wavuvi kadhaa walikuja, na yule mama wa dagaa alifika na jirani zake. Kitambaa cha marekani kiliandikwa HATUTAKI BOMU kwa rangi iliyobaki ya kupakia madawati. Mzee alisoma barua, akaeleza pia kwamba kuanzia siku hiyohiyo Urusi ya Gorbachev, yaani Muungano wa Kisovieti, imesimamisha majaribio yake, na watu wakapiga makofi. Mgeni wa Kalemie alikuwa amekwisha kurudi kwao. Afisa aliyetumwa kututazama aliandika muda wote, na mwishoni akaomba nakala moja kwa ajili ya jalada.

Kifurushi kilipanda treni kwenda Dar es Salaam. Jibu halikuja. Marekani iliendelea na majaribio Nevada, na Februari 1987 Wasovieti nao wakarejea kwenye yao.

Mkataba wa Pelindaba, unaozuia silaha za nyuklia barani Afrika, ulitiwa saini Cairo mwezi Aprili 1996, lakini ulihitaji kuridhiwa na nchi 28 ndipo uanze kutumika. Ya 28 ilikuwa jirani yetu Burundi, Julai 15, 2009. Mzee alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilimpigia simu mwanawe nimpe habari hizo. Aliniuliza kwanza kama nakala ya barua ile ninayo mimi, au imebaki kwenye lile jalada la ofisini.