Dagaa wa Mwanza bila mchanga wala uchungu

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ulizia dagaa walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha mpaka uchoke, na bado meno yatasaga mchanga.

Kwa vikombe viwili vya dagaa wakavu, toa vichwa na matumbo. Uchungu mwingi unatoka huko. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo, dakika tano hivi, ndipo uwaoshe haraka kwa maji ya moto, mara tatu. Ukiwaloweka sana watamegukia sufuriani. Chuja, kaanga kwenye mafuta hadi wakauke, kisha kitunguu, nyanya tatu, pilipili. Ndimu kamulia ukishaepua. Ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo uliovundikwa, ndio wake; wali na dagaa, kwangu hapana.