Nywele zangu zilipokuwa ngeni kwangu

Hapa Dar ukiwa na pua nyembamba au macho ya rangi ya asali, utaulizwa: "Dada, umechanganya na nani?" Ukienda Ulaya na nywele zako za kipilipili utaambiwa kwa Kiingereza kwamba wewe ni "exotic". Ni maneno mawili ya ukoo mmoja. Hilo la Kiingereza limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ya asili ni "cha kutoka nje". Ndilo wanalolitumia kwa ndege, maua na matunda ya nchi za mbali. Kitu pekee unachoweza kujua kutokana nalo ni mahali aliposimama anayelisema.

Tena sifa ya namna hiyo hupenda kutafutiwa hadithi. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimwona Iman, Msomali aliyekuja kuwa mwanamitindo maarufu, mitaani Nairobi. Binti alipofika New York, magazeti yakalishwa habari kwamba ni mchunga mifugo aliyeokotwa porini. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake mwanadiplomasia wa Somalia. Pori lilikuwa na soko kuliko chuo kikuu.

Suala langu mimi lilikuwa nywele, na nilipoamua kuacha dawa ya kulainisha nikaona aibu kidogo: nywele hizi zilikuwa ngeni kwangu kuliko zilivyokuwa kwa huyo Mzungu anayeziita "exotic". Wengi wetu tulisoma tumenyolewa mpaka kidato cha nne. Tukimaliza mtihani tunaziacha ziote kidogo, zikishikika tu tunakimbilia kutia dawa. Hapo katikati mtu atazijua saa ngapi?

Kwanza niielezee dawa yenyewe, kwa sababu asiyeijua hataelewa kwa nini nywele hukatika anapoiacha. Dawa ya kulainisha ina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) 12 kwenda juu. Huvunja viungo vya salfa vinavyoipa nywele umbo lake, na vikishavunjwa havirudi. Nywele iliyotiwa dawa haigeuki tena kuwa kipilipili. Kinachobadilika ni ile mpya inayoota shinani. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa kila unywele una vipande viwili, cha shinani kigumu na kilichojikunja, cha nchani laini na dhaifu, na pale vinapokutana ndipo panapokatika. Ukichana kwa pupa utaona vipande vifupi vimejaa kwenye taulo. Nywele iliyong'oka kwa umri wake huwa na kidoa cheupe upande wa shina, ile iliyokatika haina. Niliangalia hilo kila nilipochana, maana ndiyo njia rahisi ya kujua kama mkono wako una makosa.

Njia za kuiacha ni mbili. Unanyoa zote siku moja, au unasubiri ziote huku ukipunguza ncha. Nywele zetu huota kama sentimita 1 kwa mwezi, wengine pungufu kidogo, kwa hiyo anayesubiri ajiandae kwa mwaka mzima au zaidi. Mimi nilisubiri miezi 8 nikipunguza sentimita 2 kila baada ya miezi miwili, halafu nikachoka nikakata zote zilizobaki na dawa. Ningeanza upya ningenyoa siku ya kwanza. Kuhudumia nywele za aina mbili kwenye kichwa kimoja ni kazi maradufu, na wanaoogopa kipara wamkumbuke Flaviana Matata, mrembo wa Tanzania aliyepanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico mwaka 2007 akiwa amenyoa na akafika kumi bora.

Sasa kuosha, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta ya asili ya kichwa hushuka kwa urahisi kwenye nywele za singa. Kwetu yanakwama kwenye mikunjo, ndiyo maana nywele hukauka hata kama ngozi ya kichwa ina mafuta tele. Ninaosha kila baada ya siku 7 hadi 10. Usiku wa kuamkia siku hiyo ninapaka mafuta ya nazi, vijiko 2 vya chakula kwa nywele za urefu wa kidole. Nazi ina sifa ambayo mafuta mengi hayana: hupenya ndani ya unywele, hivyo ukizilowesha hazinyonyi maji kwa fujo na kuvimba. Asubuhi ninagawa mafungu 8, kila fungu ninalisokota na kulibana. Shampuu inakwenda kwenye ngozi tu, kwa ncha za vidole. Povu linaloshuka linatosha kusafisha nywele. Baada ya hapo kondishna, na hiyo usiionee huruma, weka nyingi mpaka fungu liteleze. Ndipo nachukua chanuo la meno mapana, nashika fungu katikati kwa mkono mmoja ili shina lisivutike, nachana kuanzia nchani, napanda kidogo kidogo kuelekea shinani. Nywele kavu siigusi na chanuo hata kidogo.

Kwa wenzangu wa Dar kuna tatizo la maji. Visima vingi vina chumvi, na chokaa yake hubaki juu ya nywele. Utaona baada ya wiki chache zimekuwa kama nyasi kavu, kondishna haishiki, na utailaumu kondishna. Suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya mvua au ya kununua, lita 2 zinatosha ukizimimina fungu kwa fungu. Yasipopatikana, vijiko 2 vya siki kwenye lita 1 ya maji, nasubiri dakika moja, nasuuza. Siki isizidi hapo. Ndimu tupu ni kali mno, na baking soda inayosifiwa sana mitandaoni inakwenda upande ule ule wa alkali tuliokuwa tunaukimbia. Yai nalo halina faida kubwa, protini yake ni kubwa haiwezi kuingia kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaivia kichwani. Parachichi ulile, usilipake.

Baada ya kuosha naweka maji, krimu, halafu mafuta kidogo ya kufungia. Mafuta peke yake kwenye nywele kavu hayalainishi, yanazuia tu maji yasiingie. Ya kupulizia katikati ya wiki natengeneza mwenyewe: maji mililita 200 na gliserini kijiko 1 cha chai, nayaweka kwenye friji siku 5 kisha nayamwaga kwa sababu hayana kihifadhi. Pwani wakati wa masika gliserini naiacha, hewa ina maji ya kutosha na nywele zitavimba na kujikunja kabisa. Ndugu walioko Ulaya majira ya baridi nao waiangalie, hewa kavu ya ndani huifanya ivute maji kutoka kwenye nywele zenyewe.

Kujikunja huko msikuchukulie kama ugonjwa. Nywele ya sentimita 20 inaweza kuonekana ya 6. Ukitaka urefu uonekane bila draya, suka uzi kama walivyosukwa bibi zetu: nywele ziwe na unyevu kidogo tu, uzi mweusi uanze shinani, zungusha kwa nafasi ndogo ndogo mpaka nchani, lala nazo. Asubuhi zimenyooka bila moto. Uzi ukikazwa mpaka paji linavutika, legeza. Vipele vidogo vyeupe mashinani baada ya kusuka, iwe uzi, twende kilioni au rasta, ni onyo kwamba mizizi inaumia, na nywele za pembeni zikinyonyoka kwa miaka mingi mfululizo kuna siku haziotei tena. Hilo kwangu ni baya kuliko dawa, na ajabu ni kwamba linawapata sana wanaojisifu kwa nywele za asili.

Kuhusu mikono ya watu. Mgeni akinyoosha mkono kugusa, narudi nyuma hatua moja kabla sijasema chochote; mkono ukishafika kichwani mazungumzo yanakuwa magumu. Akisema neno lake lile la "exotic", namuuliza kwa upole amefananisha na nini. Mara nyingi hujikuta anaelezea nywele za kwao. Kwa wa hapa nyumbani anayeuliza nimechanganya na nani, nataja kijiji cha bibi mzaa mama na cha bibi mzaa baba, vyote vya Tanga, na anabaki akitafuta Mwarabu ambaye hayupo.

Kigumu zaidi ni saluni. Msusi akikuta kichwa kimefungamana, sentensi ya kwanza ni "dada, hizi ngumu, tuweke dawa kidogo." Ana haki yake, ana wateja watano nyuma yako na analipwa kwa kichwa. Basi nakwenda na chanuo langu na chupa yangu ya maji, nywele nimeshaziosha, nimezichana na kuzifunga mabutu nane. Akiyaona hayo mabutu hataji dawa, anauliza tu rasta za saizi gani.