Mkataba wa Sahani ya Wali

Hati niliyoiandika ilikuwa na kurasa mbili, vifungu kumi na kimoja, na chini kabisa nafasi ya dole gumba kwa asiyejua kusoma. Kifungu cha nne kilisema kwamba mteja atakayekula bila kulipa papo hapo atahesabika kuwa amelikubali deni, na asipolilipa ndani ya siku saba atatozwa riba ya asilimia tano kwa wiki. Hadi leo sijui nilipata wapi ujasiri wa kuweka riba kwenye maharage.

Ilikuwa 2017, niko muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, masomo ya jioni, Mzumbe kampasi ya Upanga. Kabla ya hapo nilikuwa mwanasheria. Nasema nilikuwa, ingawa shahada haivuliwi kama shati. Nilikaa miaka minne Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kile kitivo cha sheria kilichoanza kabla ya vyote, mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wahadhiri hawakutuacha tulisahau hilo. Nikatoka hapo, nikapata kazi ya afisa sheria kwenye kampuni moja ya mjini. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma mikataba ya pango, kuandika barua za kudai, na kumkumbusha bosi kwamba muhuri lazima uguse saini.

Siku moja wakaja washauri waelekezi. Vijana watatu, rika langu, kila mmoja na kompyuta yake mgongoni. Kwa wiki mbili walizunguka wakiuliza watu maswali ambayo mimi, miaka mitatu niko pale, sikuwahi kuwaza kuyauliza. Walimuuliza mlinzi magari yanaingia saa ngapi. Walimuuliza dereva akifika Chalinze anangoja nini. Mwisho wa wiki ya pili bodi ikabadilisha namna nzima ya kuendesha maghala, na mimi nikaletewa uamuzi ule ili "nipitie lugha". Nilijiona kama mtu anayeitwa jikoni chakula kimeshaiva, aonje chumvi tu.

Nilimpigia mzee simu Songea kumwambia narudi shule, na kwamba nikimaliza natafuta kazi ya ushauri elekezi. Mzee alikuwa mwalimu, amestaafu, na alikuwa ameshawatangazia wanakijiji kwamba mwanawe ni wakili, jambo ambalo hata halikuwa kweli, maana ile taasisi ya uanasheria kwa vitendo sikuwa nimeikanyaga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakimu namjua. Wakili namjua. Sasa huyo mshauri anamshauri nani, na akikosea anafungwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia shikamoo mara ya pili, nikakata.

Jioni za mwanzo zilinitesa. Natoka kazini, nashuka mwendokasi kituo cha Fire, natembea hadi chuoni jasho linanitoka, nakaa mbele ya mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya biashara, nisiyoielewa. Pande mbili lazima zilingane, mhadhiri anasema. Mimi kichwani nauliza, kwa mujibu wa kifungu kipi? Pembeni yangu alikaa jamaa wa kutoa mizigo bandarini, wakala wa forodha, anayepiga hesabu za ushuru kwa kichwa huku akitafuna karanga. Kwake mizania ilikuwa kama Fatiha.

Mhadhiri mmoja aliniona ninavyozama, akanisimulia habari za Marvin Bower. Alisoma sheria Harvard, akarudi Harvard ileile kusoma biashara, akafanya kazi kwenye kampuni ya mawakili huko Cleveland, halafu mwaka 1933 akajiunga na McKinsey, kampuni ya ushauri elekezi, na ndiye aliyeijenga ikawa kama tunavyoisikia leo. Na aliijenga kwa adabu za mawakili: maslahi ya mteja mbele, siri ya mteja haitoki. Hata huku kufundisha kwa kesi, akasema, watu wa biashara waliazima kwa wanasheria. Langdell, mkuu wa shule ya sheria ya Harvard, alianza nako mwaka 1870, wakati shule ya biashara ya hapo Harvard ilikuja kuzaliwa 1908. "Kwa hiyo wewe uko nyumbani," akanimalizia.

Nikavimba kichwa. Hapo ndipo palipozaa ile hati.

Tulipewa kazi ya kikundi: tafuteni biashara ndogo, ichunguzeni, mshaurini mwenyewe. Tulikuwa wanne: mimi, yule wa bandarini, muuguzi mkuu wa wodi, na dada wa benki. Tukamchagua mama lishe aliyekuwa akipika nyuma ya ukuta mmoja hatua chache kutoka chuoni, chini ya mwarobaini, mabenchi manne na turubai la bluu. Jina lake naliacha. Sisi wote tulimwita Mama.

Dada wa benki alitengeneza jedwali zuri. Sahani themanini kwa siku, wastani shilingi 2,000, mauzo 160,000. Mchele kilo kumi na moja, maharage, nyama, mafuta, mkaa, binti wa kuosha vyombo. Kwenye usafiri tukaandika sifuri, maana tulipomuuliza Mama analipa kiasi gani kuleta mizigo kutoka soko la Ilala, alisema halipi. Maji, sifuri. Ulinzi wa vyombo usiku, sifuri. Tukaandika kabisa kwenye ripoti kwamba amefanikiwa kudhibiti gharama.

Tatizo tukaliona kwenye daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, jalada la nyuma limechapwa jedwali la kuzidisha, limelainika kwa mvuke na mafuta mpaka karatasi zinageuka zenyewe. Ndani hapakuwa na jina la mtu hata moja. Kulikuwa na Kofia Nyekundu, 12,000. Yule wa Yanga, 9,500. Fundi Tairi, 14,000. Bosi Kidevu, 4,500. Binti wa Dirishani. Mrefu. Mrefu wa Pili. Tukajumlisha: watu arobaini na tatu, shilingi 186,500, zaidi ya mauzo ya siku nzima, ziko mikononi mwa watu ambao huwezi hata kuwaandikia hati ya wito. Utampeleka mahakamani Mrefu wa Pili?

Wenzangu walitaka tumshauri aache kukopesha, apandishe bei kidogo, basi. Mimi nikasema hapana, hili lina tiba ya kisheria. Usiku huo nilifungua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, badala halali, yaani kile ambacho kila upande unampa mwenzake, lengo halali, nikaandika mpaka saa nane za usiku. Sikuwahi kufurahia kuandika hati kama nilivyoifurahia ile.

Jumamosi tulikwenda saa tisa alasiri, wateja wamepungua. Tulikaa kwenye benchi, Mama kwenye kigoda, sinia la vitunguu mapajani. Dada wa benki alisoma jedwali lake. Kisha mimi nikasimama. Nilisimama kweli, kama niko mbele ya jaji, nikasoma vifungu vyote kumi na kimoja, nikivifafanua kimoja kimoja. Mama alikuwa anamenya vitunguu, hainui kichwa. Binti wa vyombo aliacha kusugua sufuria.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, Mama."

"Haya. Huyu Kofia Nyekundu mnamjua?"

Hatumjui.

"Ana guta. Alfajiri saa kumi na moja ananingoja Ilala. Mchele, nyanya, ndizi, mkaa, vyote anabeba yeye hadi hapa. Nauli yake mmeiweka wapi humo kwenye karatasi zenu?"

Tukatazamana. Yule wa bandarini, ambaye maisha yake yote ni nauli za mizigo, akaacha kutafuna.

"Yule wa Yanga ndiye wa madumu ya maji. Fundi Tairi, vyombo vyangu vinalala kibandani kwake. Sasa mimi nikimwekea Kofia Nyekundu hiyo riba yako, na yeye kesho akaniwekea yake ya guta, nani ataanza kulia?" Akachukua kitunguu kingine. "Mwisho wa mwezi tunakaa, tunahesabu. Mara nyingine mimi ndiye ninayedaiwa."

Muuguzi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, hayo anayodaiwa yeye yameandikwa wapi.

Mama akajigonga paji la uso kwa mpini wa kisu.

Nilikaa chini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sheria yenyewe nilikuwa nimeikariri. Mwaka wa kwanza pale Mlimani tulisomeshwa kesi ya bibi Carlill na ile kampuni ya dawa ya mafua ya Uingereza, kila mwanafunzi wa sheria anaijua, kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa vitendo, pasipo mtu kutia saini popote. Nilipata alama nzuri kwenye swali hilo. Na bado nikaja nikakaa chini ya mwarobaini, katikati ya mikataba arobaini na ushee iliyo hai, yenye badala kila upande, nikasema hapa hakuna mkataba kwa sababu sikuona karatasi. Wala si mimi peke yangu. Zile sifuri tatu za jedwali ndizo zilizokuwa upande wa pili wa daftari. Tulikuwa na nusu ya mizania mkononi, tukaiita matatizo ya madeni.

Tulirudi, tukafumua ripoti yote. Ilituchukua usiku wa Jumapili. Tulipoingiza nauli ya guta, maji na ulinzi kwa bei ya sokoni, lile deni la kutisha likayeyuka karibu lote, na ikaonekana kinachomla Mama ni mkaa: alikuwa ananunua kwa ndoo kila siku badala ya gunia, kwa sababu hana pa kuliweka mvua ikinyesha. Ushauri wetu ukawa turubai la pili. Tulipata B+. Mwaka uliofuata, kwenye usaili wa kazi niliyonayo mpaka sasa, waliniuliza nitaje ushauri mbovu niliowahi kutoa, na nilikuwa na jibu kabla hawajamaliza swali. Mzee naye nilimsimulia, akacheka mpaka akakohoa, ila swali lake la nani anafungwa hajalifuta.

Wiki kama tatu baada ya ile Jumamosi nilipita kwa Mama mchana. Turubai la pili lilikuwa limeshafungwa, na gunia la mkaa limekaa chini yake kama mgeni wa heshima. Akanipakulia wali nyama bila kuniuliza, akaongeza kipande.

"Hicho ada yako," akasema. "Bosi Kidevu kalipa."

Huyo nilikuwa nimemsahau. Kumbe katika wote arobaini na tatu ndiye pekee aliyekuwa anakula tu, mtu wa tai, ofisi ya ghorofani, kila siku anaacha pochi kwenye gari. Mama alikuwa amemwekea ile hati yangu pembeni ya sahani.

"Akaisoma yote?"

"Aisome wapi. Aliona pale pa kuweka dole gumba, akatoa pesa."

Nikala, nikashiba, nikainuka kwenda darasani. Mama akaniita. Alikuwa amelifungua daftari kwenye ukurasa mpya, kidole kimekaa mstari wa tatu kutoka juu, kwenye mwandiko wake ule mkubwa wa kulala: Mwanasheria, 2,000.

"Ya Jumanne," akasema.

Nikamlipa.