Afande, toa hicho kitambaa tukuone
Juni 25 2025, siku ya maandamano hapa Kenya, nilikuwa nimejificha ndani ya duka la simu hapo Moi Avenue na kwa mwanya wa geti nikaona buti, rungu, halafu uso umefungwa kitambaa macho tu ndio yanaonekana, na kifuani pale jina linafaa kukaa hakuna kitu. Sasa huyo akinivunja mkono nitaenda kuripoti nani jameni? Sheria ya polisi ya 2011 iko wazi, askari wa sare avae jina ama namba yake mahali inaonekana, na Agosti 2024 Mahakama Kuu ikasema tena wasifiche sura kwa maandamano. Binamu yangu ni karao, najua kazi ni ngumu, lakini yeye huvaa jina lake kila siku na mtaani wanamsalimia.