Siku moja maishani mwangu: kilichomo kati ya 2 na 3

Saa kumi na nusu alfajiri, Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Adhana bado, mie niko mezani na rundo la daftari 46 za hesabu za Fomu 3 ambazo usingizi ulinishinda nazo jana, chai ya rangi inapoa hapo kando. Swali nililowapa lilikuwa moja tu: chora grafu ya y = x² − 5x + 6 kuanzia x = 0 hadi 5, kisha sema ni wapi x² − 5x + 6 < 0. Jedwali wamejaza vizuri kabisa, 6, 2, 0, 0, 2, 6, hamna aliyekosea hesabu. Kisha wakachukua rula. Wameunga nukta kwa mistari iliyonyooka na hapo chini kati ya 2 na 3 grafu imekaa bapa kama kitako cha sufuria, juu ya mstari wa x kabisa. Na jibu wakaandika: hakuna.

Nikahesabu. 29 kati ya 46. Kalamu nyekundu ilinigomea mkononi, maana nikiangalia ile grafu yao wala si wavivu, wamesoma walichokiona! Grafu yenye kitako bapa haishuki chini ya sifuri popote, sasa utamwekeaje mtoto mkasi wa kosa hapo wakati macho yake hayajamdanganya, ni rula ndiyo imemdanganya.

Saa kumi na moja na nusu niko kivukoni. Watu wengi kama kawaida, waenda kwa miguu hatulipi, tunasubiri tu geti lifunguliwe halafu ni kusukumana, mama na ndoo zao za samaki, watoto wa shule, vijana wa mikokoteni. Leo maji yamepwa kwa hiyo pale pa kupandia pameinama sana, mkokoteni mmoja wa madafu umesukumwa na watu watatu na bado unarudi nyuma. Nikawa naangalia pale nikiwaza darasa langu. Mtu wa pwani ukimwambia maji yamepwa hafikirii dakika moja, anajua ni kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, akienda kuokota chaza anaenda humo katikati na anarudi kabla hayajajaa. Yaani hili wazo la jibu kuwa kipande kizima cha mstari wala si namba moja watoto wetu wanalo tangu wadogo, sisi walimu ndio tumewafundisha miaka mitatu kwamba hesabu ikiisha lazima kuwe na x sawa na kitu, unapiga mistari miwili chini, umemaliza.

Saa moja stafrumu. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, mzee wangu ninayemheshimu sana, akaniambia usijisumbue mwanangu, wape kanuni wakariri: alama ikiwa ni ndogo kuliko, jibu liko ndani, kati ya zile namba mbili zinazotoa sifuri, ikiwa ni kubwa kuliko, jibu liko nje. Nikamwambia mzee wangu nilifundisha hivyo hivyo mwaka jana, wakapasi zoezi zote, halafu kwenye mtihani ikaja −x² + x + 6 > 0 darasa zima likaandika nje. Jibu ni kati ya −2 na 3, ndani! Kwa sababu x² ina alama ya kutoa mbele yake, grafu imegeuka kifudifudi, na kanuni ya kukariri haina macho ya kuona hilo. Akanyamaza kidogo akasema basi kaanze na grafu. Sawa.

Saa mbili, dabo, yaani vipindi viwili pamoja, dakika 80. Sikurudisha daftari. Nikachora ile sufuria yao ubaoni kwa rula, nikauliza kati ya 2 na 3 kuna nini? Hamna kitu, mwalimu. Hamna namba? Namba ziko. Basi tuchukue 2.5, tuiweke ndani. Kimya, kalamu tu. 2.5 mara 2.5 ni 6.25, toa 12.5, jumlisha 6. Msichana mmoja wa dirishani akainua kichwa, "Mwalimu, imetoka hasi. Hasi nukta mbili tano." Mwenzake akamwambia umekosea, wakarudia wote wawili, hasi vile vile. Nikasema jaribuni 2.1, ikatoka −0.09. Jaribuni 2.9, −0.09 tena! Hapo darasa likaanza kelele, kila mtu anatafuta yake, 2.3, 2.7, na zote zinatoka hasi na zinatoka kwa jozi.

Tukachora upya kwa mkono, hamna rula. Kwa skeli ya sentimita 2 kwa kila moja ule mchirizi unazama chini ya mstari kwa nusu sentimita tu, haifiki hata upana wa ukucha wa kidole kidogo, na jibu lote la swali linakaa humo ndani. Nikawaambia wapake kalamu ya rangi kile kipande cha mstari wa x kilichoko juu ya lile zamio, na mwisho wake wote wawili waache duara wazi kwa sababu 2 na 3 zenyewe zinatoa sifuri na sifuri si ndogo kuliko sifuri. Ndipo wakaandika 2 < x < 3. Wameandika baada ya kuona, na kwangu utaratibu huo ni muhimu kuliko jibu.

Tukaingia x² < 9. Wengi wakaandika x < ±3, kosa la kila mwaka. Sikubisha, nikasema basi −10 ni ndogo kuliko −3, iwekeni. 100 ndogo kuliko 9? Aaaa. Wakafuta wenyewe.

Dakika za mwisho kijana wa nyuma akauliza, na x² + 2x + 5 > 0, mwalimu, hii haigawanyiki kwa mabano. Swali zuri mno. Tukaikamilisha mraba: (x + 1)² + 4. Mraba hauwi hasi, kwa hiyo hicho kitu hakishuki chini ya 4 hata ukiweka namba gani, grafu inaelea juu haigusi mstari, basi kila x ni jibu. Hapo nikawapa kisa cha al-Khwarizmi wa Baghdad, karibu miaka 1,200 iliyopita, na swali lake la x² + 10x = 39. Alichora mraba wa x, akabandika pembeni mistatili miwili ya 5 kwa x, akaona kona imepungua 25, akaijaza: 39 na 25 ni 64, mzizi wake 8, toa 5, x ni 3. Nikauliza nani anajua maana ya jabr, wa madrasa wakanyoosha mikono, mmoja akasema ni kuunga kilichovunjika, kama mfupa. Ndiyo aljebra hiyo. Watoto wa Mombasa wanastahili kujua neno hili halikuwafikia kutoka mbali, wanalo majumbani.

Chai saa nne na mahamri mawili, halafu darasa lingine mpaka saa saba, siku ya kawaida, sina la kusema.

Saa tisa u nusu nilikaa na wale kumi na wawili ambao grafu bado inawatisha. Nikaacha x nikaleta mabuyu. Tuseme unauza pakiti kwa shilingi x, na ukipandisha bei wateja wanapungua, unauza pakiti 80 − 2x kwa siku. Unataka mauzo yasipungue shilingi 600, uweke bei gani? x(80 − 2x) ≥ 600. Kuna kijana humo mama yake anauza mabuyu na achari karibu na kivuko, huwa hasemi kitu darasani, leo yeye ndiye aliyeshika chaki. Akapanga mpaka x² − 40x + 300 ≤ 0, akapata mabano, 10 na 30. Wenziwe wakataka aandike x = 10 au x = 30. Akakataa. Akasema kwa kumi nauza 60 napata 600, kwa thelathini nauza 20 napata 600, sasa nikiuza kwa 15 kwani nitapata chini? Akapiga hesabu, 15 mara 50, 750. Akaandika 10 ≤ x ≤ 30 na duara akazijaza, bila kuambiwa, kwa sababu 600 yenyewe inakubalika.

Saa kumi na mbili kasoro nimo kivukoni narudi, jua linazama nyuma ya bandari ya Kilindini, nimebeba zile daftari 46 kwenye kikapu kwa sababu nimeamua zisahihishwe upya. Nikasikia "shikamoo mwalimu", kumbe yule kijana, yuko na mama yake na kapu la biashara. Mama akaniamkia, akaniuliza huyu ananisumbua shuleni? Nikamwambia leo amewafundisha wenziwe. Kijana akainamisha kichwa, halafu tulipofika katikati ya mkondo akaniuliza, mwalimu, ile 2.5 ya asubuhi ilikuwa katikati ya 2 na 3, si ndiyo? Ndiyo. Na 20 iko katikati ya 10 na 30. Nimepiga, 20 mara 40 ni 800, na hamna bei inayozidi hapo, nimejaribu 19 na 21 zote 798.

Mama yake akauliza, hiyo 20 ni bei ya nini?