Nilivyochagua shotgani ya bata kwa maji ya chumvi ya Chesapeake

Chesapeake ni ghuba ndefu mashariki mwa Marekani, katika majimbo ya Maryland na Virginia, ambamo maji baridi ya mto Susquehanna yanakutana na chumvi ya Atlantiki. Kila jambo kuhusu bunduki ya bata huku linaanzia kwenye chumvi hiyo. Aliyekulia Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa: bati lile lile linalodumu Dodoma, pwani huliwa mapema. Chuma cha bunduki ni vivyo hivyo.

Maswali yalikuwa matatu: mtambo gani, chemba (chumba cha risasi) ya urefu gani, mpako gani. Wengi huanza na la mwisho kwa sababu mabaka, yaani michoro ya kujificha, ndiyo yanayovutia macho dukani. Mimi nililiacha hadi mwisho, na ninashauri hivyo hivyo, kwa kuwa umri wa bunduki ya maji ya chumvi hutegemea zaidi springi ambayo hujawahi kuiona kuliko rangi unayoitazama kila siku.

Tuanze na mtambo. Shotgani ya nusu-otomatiki hujipakia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni gesi. Chini ya mtutu, ndani ya kishikio cha mbele, kuna matundu madogo. Risasi ikilipuka, sehemu ya gesi huchepukia humo, ikasukuma pistoni, pistoni ikarudisha nyuma bolti, kipande cha chuma kinachofunga chemba, ganda likatupwa nje na risasi nyingine ikapanda. Beretta A300 Ultima, Winchester SX4, Browning Maxus II na Mossberg 940 Pro ni za aina hii. Faida yake unaisikia begani: teke haliji kwa kishindo kimoja, linasambaa. Hasara ni masizi. Gesi huacha kaboni kwenye pistoni na kwenye bomba la magazini linalohifadhi risasi, na kaboni ikikutana na unyevu wa chumvi inakuwa ukoko mgumu unaopunguza mwendo wa pistoni. Dalili ya kwanza ni ganda kukwama mlangoni badala ya kuruka. Watu hulaumu risasi, kumbe pistoni inadai kusuguliwa.

Njia ya pili hutumia teke lenyewe. Ndani ya bolti kuna springi fupi, nene. Bunduki inaporuka nyuma, mwili wa bolti hubaki palepale kwa uzito wake, springi inabanwa, kisha inajifyatua na kuirusha bolti nyuma. Gesi yote hutokea mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo mtambo unabaki msafi. Benelli, Franchi na Stoeger hutengeneza hivi. Bunduki huwa nyepesi, yenye vipande vichache, na unaifungua kwa dakika mbili hata vidole vikiwa na ganzi ya baridi. Gharama yake ni teke kali zaidi.

Aina hii ina tabia mbili za kuzijua kabla hujalipa. Kwanza, lazima bunduki iruhusiwe kurudi nyuma. Ukiibana kwenye ubao wa mtumbwi, au ukaifungia vitu vizito, inapoteza nguvu ya kujipakia. Risasi nyepesi za gramu 28 nazo huweza kuishinda ikiwa mpya, ndiyo maana nilianza kwa boksi mbili za risasi nzito ili springi na reli zizoeane. Pili, kichwa cha bolti huzunguka ili kujifunga. Ukiirudisha bolti taratibu kwa mkono ili isipige kelele alfajiri, au kitako kikigonga chini, kichwa hicho huweza kufunguka kidogo bila wewe kuona. Bata anashuka, unavuta kifyatulio, unasikia “tik” tu. Dawa ni kuiachia bolti ijipige yenyewe kwa nguvu zote, na kusukuma mkono wake mbele kwa kidole gumba kila ukishaweka bunduki chini na kuiokota tena.

Nilichagua njia ya pili, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo kiini cha uchaguzi wote. Mbali na ile springi fupi, kila nusu-otomatiki ina springi ndefu ya kurudisha bolti mbele. Katika bunduki nyingi springi hiyo hukaa ndani ya bomba lililozama kwenye kitako. Maji yakiingia kwa nyuma ya bolti, hutiririka hadi humo na kutulia. Hayakauki, huyaoni. Msimu unapita, na siku fundi anapofungua kitako, kinachotoka kwanza ni maji ya rangi ya chai ya rangi, kisha springi iliyojikunja na kufupika, imeota magamba mekundu. Bunduki ya namna hiyo huanza kwa kuchelewa kufunga chemba asubuhi za baridi, na mwenyewe anazidi kuipaka mafuta nje.

Katika Franchi Affinity 3 springi hiyo imezungushwa kwenye bomba la magazini, chini ya kishikio cha mbele. Unafungua kifuniko, unavuta mtutu, springi iko mbele ya macho yako. Unaifuta, unaipaka mafuta, unarudisha. Hilo peke yake lilinitosha. Niliichukua ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), chemba ya inchi 3, mtutu wa inchi 28. Uzito wake ni karibu kilo 3. Atakayechagua yenye springi kitakoni hajakosea, ila ajue kwamba angalau mara mbili kwa msimu lazima kitako kitoke: ondoa mpira wa bega, ingiza soketi ndefu, fungua nati, chomoa springi, suuza, kausha, paka mafuta.

Kuhusu chemba, kishawishi ni inchi 3½. Urefu huo uliingia sokoni 1988, wakati wawindaji walipokuwa wakihama kutoka risasi zenye punje za plumbamu, yaani madini ya risasi, kwenda zenye punje za chuma. Na tangu 1991 plumbamu imepigwa marufuku kwa bata na mabata bukini nchi nzima. Chuma kina uzito wa gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo, plumbamu zaidi ya 11. Kwa hiyo punje ya chuma hupoteza kasi haraka, na unalazimika kupanda namba mbili kwa ukubwa (namba ikipungua, punje ni kubwa zaidi): palipokuwa na namba 4 ya plumbamu, weka namba 2 ya chuma. Punje kubwa zinataka nafasi, ndipo ganda likarefushwa. Leo kuna bismathi yenye gramu 9.6 na tangsteni iliyo nzito kuliko zote, na ganda la inchi 3 linabeba vya kutosha. La inchi 3½ katika bunduki ya kilo 3 linaumiza bega mpaka mtu anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na akifumba amekosa.

Ninachotia ni inchi 3, aunsi 1¼ ya chuma namba 2. Hapo ndani kuna punje kama 156. Kwa bata wadogo, namba 4 yenye punje 240 hivi. Choki, yaani vipande vya kubana mdomo wa mtutu, nilizipima kwa karatasi, si kwa kusoma boksi. Nilisimamisha karatasi ya mita 1.2 kila upande, nikapima yadi 40, nikafyatua mara tatu kwa kila choki, nikachora duara la inchi 30 kuzunguka penye punje nyingi na kuhesabu matundu kwa kalamu. Chuma hakibonyei kama plumbamu, hivyo hakitawanyiki sana. Choki ya wastani kwa chuma hubana karibu kama choki kali ilivyobana plumbamu. Kwa bata wanaoshuka juu ya bata wa bandia, yadi 25 hadi 35, iliyo wazi kidogo kuliko ya wastani ilitosha. Kwa wanaopita mbali nafunga ya wastani. Choki kali kabisa na chuma usizichanganye isipokuwa imeandikwa kwamba inaruhusu chuma: punje ngumu huvimbisha choki na kuikwamisha kwenye mtutu. Mitutu ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya plumbamu ipewe bismathi.

Kabla ya mpako, mwili. Pima bunduki ukiwa umevaa koti la Januari, si shati la dukani. Hakikisha haina risasi, fumba macho, ilete begani, fumbua. Jicho likiona shanga ya shabaha na ukanda mwembamba wa juu ya mtutu, imekaa. Ukiona ukanda mrefu kama barabara, utapiga juu. Ukiona mgongo wa chuma tu, utapiga chini. Vipande vyembamba vya plastiki vinavyokuja na bunduki huwekwa kati ya kitako na mwili kurekebisha hilo. Koti nene linakula sentimita moja au mbili, hivyo mpira wa bega mwembamba ulisaidia kuliko chochote nilichonunua baadaye.

Sasa mpako. Kuna tatu za kweli. Chuma cha bluu-nyeusi chenye kitako cha mti ni kizuri kutazama, lakini bluu hiyo yenyewe ni aina ya kutu iliyodhibitiwa. Hushika mafuta tu, na mafuta yakioshwa na mawimbi, alama za vidole zinageuka nyekundu kufikia jioni. Kwa ghuba hii niliiondoa mapema.

Mabaka ya kuchovya: filamu nyembamba yenye picha ya nyasi au magome huelea juu ya maji, kipande kinazamishwa, picha inajishika, kisha lakeri juu. Kwenye plastiki ya kitako ni mpako mzuri, haung’ai na hauna cha kuoza. Kwenye chuma una udhaifu. Ukingo wa mtumbwi ukiukwangua, chumvi inaingia chini ya filamu na kutu inatambaa humo kimyakimya, nje bado mabaka yanapendeza. Halafu angalia dawa ya mbu. Msimu wa mapema wa bata wadogo ni Septemba, mbu wamejaa vinamasi, na dawa zenye DEET huyeyusha lakeri na plastiki. Shika kitako kwa kiganja chenye DEET, na alama ya kiganja inabaki hapo.

Cerakote ni ya tatu: chembe za kauri ndani ya polima, unene wa kama elfu moja ya inchi. Chuma husuguliwa kwa mchanga wa alumini oksidi, hupuliziwa, huokwa saa mbili kwa nyuzi 121 za Selsiasi. Inashika kweli. Ila fundi azibe nyuzi za choki, ndani ya chemba na reli za bolti, kwani unene huo mdogo unatosha kukwamisha choki. Niliamua hivi: Cerakote ya kahawia isiyong’aa kwenye mtutu na mwili, mabaka kwenye kitako na kishikio. Mchoro upi? Ule wa nyasi kavu, kwa kuwa mabwawa ya huku ni nyasi; wa magome ya miti unafaa kwa misitu iliyofurika ya Arkansas. Bata hushtuliwa zaidi na mng’ao na mtu anayetikisika kuliko na mchoro.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Kizibo cha magazini lazima kiwepo, kipande kimoja kisichotoka bila kufungua bunduki, ili zisiingie zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Stempu ya bata ya shirikisho, yaani kibali cha kuwinda bata, ni dola 25 kwa mwenye miaka 16 na zaidi, pamoja na leseni na stempu ya jimbo. Mwenye kadi ya kijani ananunua bunduki kwa kujaza fomu 4473 kama wengine. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hawezi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani.

Kinachobaki ni kazi ya jioni. Bunduki tupu, chemba imeangaliwa kwa jicho na kwa kidole. Mtutu unatoka, bolti inatoka, kifyatulio kinatoka kwa kusukuma pini. Choki inafunguliwa kila siku bila kukosa, maana usiku mmoja wa chumvi kwenye nyuzi unatosha kuigandisha. Vyote vinamwagiwa maji baridi ya bomba, halafu maji ya moto, kwa sababu chuma chenye joto kinajikausha chenyewe. Springi inafutwa pindi moja baada ya jingine. Mwili ni wa aloi ya alumini, hauoti kutu, lakini pale pini za chuma zinapougusa hutokea unga mweupe: hapo weka tone moja. Mafuta yawe mepesi na machache, kwa kuwa mazito huganda alfajiri na kuichelewesha bolti. Hata grisi ya kiwandani niliiosha yote kabla ya risasi ya kwanza. Grisi inabaki kwenye nyuzi za choki tu. Kisha bunduki inasimamishwa mdomo chini juu ya kitambaa hadi asubuhi, mafuta yasitiririkie kwenye kifyatulio na kitako.