Ncha tatu upande mmoja

Huko Pennsylvania, Marekani, wawindaji wa kulungu mkia-mweupe wanabishana jambo lile lile tangu 2002: ni haki kumzuia mtu asimpige dume mwenye pembe ndogo, hasa mtu asiye na shamba lake, anayewinda kwenye ardhi ya umma?

Kulungu huyu si pongo wetu. Pembe zake zina matawi, hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota upya. Zamani dume mwenye pembe tupu, isiyo na tawi, ya inchi 3 alikuwa halali, na zaidi ya asilimia 80 ya madume waliopigwa walikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Ndipo Tume ya Wanyamapori ya jimbo, mwanabiolojia Gary Alt akiongoza mpango wa kulungu, ikaweka sharti la ncha. Sehemu kubwa ya jimbo zinatakiwa ncha 3 kwenye pembe moja. Magharibi zilikuwa 4. Sasa ni 3 bila kuhesabu ile ya juu ya jicho. Ncha ni tawi lenye urefu wa inchi 1 au zaidi, ila mwisho wa shina la pembe huhesabiwa hata ukiwa mfupi. Vijana, wanajeshi walio kazini na wenye kibali cha ulemavu wana masharti mepesi zaidi.

Makosa mengi hutokea kwenye ncha ya juu ya jicho. Dume akikuangalia usoni, hujipanga mbele ya shina na kupotea. Akisimama ubavu, pembe mbili hupandana na ncha za upande wa pili huonekana kama za huu. Subiri ageuze kichwa nusu, chagua pembe moja, uihesabu kwa darubini kuanzia chini kwenda juu. Alfajiri, kijiti kilicho nyuma ya kichwa hufanana kabisa na ncha. Kama huna hakika, usipige: ukiua kwa makosa, lazima utoe matumbo na kumfikisha mnyama kwa afisa wa tume ndani ya saa 12.

Sasa ugomvi wenyewe. Mwenye shamba kubwa anaweza kuwaacha madume wadogo kwa hiari yake, na mwakani atawakuta. Kwenye ardhi za uwindaji za jimbo, zaidi ya ekari milioni 1.5, hiari haifanyi kazi: unayemwacha wewe anapigwa na mwenzako ng'ambo ya kilima. Kwa hiyo mimi naliunga mkono sharti, na kwenye ardhi ya umma ndiko linakohitajika zaidi. Lakini anayepinga ana hoja nzito. Ana siku chache za likizo, anataka nyama, na katika misitu ya kaskazini kulungu ni wachache. Tena miaka hiyo hiyo vibali vya kupiga majike viliongezwa ili kulungu wapungue, kwa hiyo wengi wanaolaumu ncha kwa kweli wanalaumu upungufu wa kulungu. Hayo ni mambo mawili, na yajibiwe mbalimbali.

Udhaifu wa ncha ni kwamba hazisemi umri. Mississippi ilidai jumla ya ncha 4 kuanzia 1995. Kwenye ardhi yenye rutuba, dume bora hufikisha idadi hiyo akiwa bado mdogo, akapigwa. Mwenye pembe duni akabaki. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo walikuta pembe za madume wakubwa zimepungua katika baadhi ya maeneo. Texas, katika wilaya zenye sharti, inapima upana: inchi 13 kati ya pembe na pembe, karibu sawa na nafasi ya ncha za masikio yakisimama. Pembe zikipita nje ya masikio, ni halali. Mwenye angalau pembe moja isiyo na tawi naye ni halali. Kipimo hiki kinaonekana haraka zaidi, na kinamlinda dume mdogo mwenye pembe nzuri.

Jambo moja linanifanya nilegeze msimamo: ugonjwa sugu wa kukondesha, unaoharibu ubongo wa kulungu na kumuua. Huwapata zaidi madume wakubwa, walewale ambao sharti linawazidisha. Missouri ililiondoa 2012 katika wilaya zilizokuwa karibu na ugonjwa huo. Ugonjwa ukithibitishwa mahali, wawindaji wa hapo waruhusiwe kumpiga dume yeyote, hata mwenye pembe tupu.